Chupa ya Mwisho, Namba Thelathini na Sita

Saa tisa usiku, Pasua imelala
isipokuwa mimi na taa yangu ya duara
niliyoifunga mguu wa meza kwa mpira wa kandambili.
Bando limebaki la dakika kumi na nne.
Nusu ya uso wangu ni bibi harusi,
nusu nyingine ni Ndeshi binti Elinami,
mwenye chunusi kidevuni na deni la kodi ya fremu.

Kabla na baada, ndivyo tunavyoita.
Kabla: watazamaji mia mbili na kumi.
Baada: mia mbili na tisa.
Mmoja ameondoka nikiwa napaka wanja.

Kule Arusha, Ngarenaro, yupo anayejiita Malkia wa Kope.
Akipaka kahawia, kesho sote tu kahawia.
Akinyoa nyusi, nyusi za Moshi nzima zinatetemeka.
Aliwahi kuirusha picha ya bibi harusi wangu,
yule wa Kibosho, aliyelia kanisani
poda ikachimba mifereji.
Akaandika juu yake, "Jamani."
Neno moja. Vicheko elfu nne.
Wateja watatu wakarudi kudai kianzio chao,
na ilikuwa Desemba,
Desemba, Wachaga wote wako nyumbani,
maharusi wamepanga foleni kila kanisa,
nami nimekaa kibarazani naosha brashi safi.

Mimi nami si malaika.
Nilifungua akaunti ya pili, isiyo na picha,
nikamwandikia:
*Dada, uso wako na shingo yako havijawahi kusalimiana.*
Nikalala usingizi mzito, Mungu anisamehe,
wa mtu aliyeshiba.

Alhamisi nikashuka Mbuyuni, dukani kwa Mama Kileo.
Fondesheni namba thelathini na sita
ilibaki chupa moja, nyuma ya mafuta ya nazi.
Mikono miwili ikaifikia pamoja.
Dada mwembamba, kilemba cha haraka haraka,
uso mtupu kama ukuta unaosubiri chokaa,
macho ya mtu asiyejua Jumapili ilipita lini.
"Chukua wewe," akasema. "Arusha imekwisha, hapa nabahatisha tu.
Nitachanganya thelathini na nne na tone la kahawia."

Tukacheka gundi ya kope inavyonasa vidole.
Akanipa bure siri ambayo watu wanaiuza darasa zima:
bibi harusi mpe maji kwanza,
muulize habari za mama yake,
mwache alie mpaka amalize,
ndipo ufungue poda.
"Nilichelewa kujifunza," akasema,
"na kuna binti wa watu nilimcheka kabla sijajua."

Nilikuwa natafuta pochi.
"Siku hizi naimaliza chupa kwa wiki," akaendelea,
akijishika chini ya kidevu.
"Kuna mtu, hana picha, hana jina,
alisema uso wangu na shingo yangu havijawahi kusalimiana.
Tangu hapo napaka mpaka kifuani.
Nikiamka usiku kunywa maji, napaka."

Nikaitazama shingo yake.
Ilikuwa shingo tu.

Nikalipa. Ndiyo, nikalipa, nikaondoka na chupa,
sikusema neno, hata kwaheri ilinikwama.

Usiku ule sikuwasha taa ya duara.
Kwa mwanga wa jiko nilichanganya thelathini na nne
na tone moja la kahawia, nikapaka nyuma ya mkono.
Sikuona palipoanzia rangi wala ngozi ilipoishia.
Miaka minne nimevaa thelathini na sita
kwa sababu Malkia aliivaa.

Chupa ipo mezani, muhuri wake haujakatwa.
Basi la Arusha linabeba kifurushi kwa elfu mbili.
Elfu mbili ninayo.
Nimeshaandika kwa wanja, herufi kubwa: NGARENARO.
Ila kondakta atauliza jina la mtumaji,
na majina ninayo mawili,
moja halina uso.