Sauti ya Kwanza

Jumamosi Mwalimu Agesa alinihamisha benchi.
Hakutaja umri. Alisema, "Mama Kageha,
sauti ya pili imepwaya, njoo uikaze."
Nikabeba kitabu changu cha solfa, na leso,
hatua nne tu,
miaka thelathini na mmoja ikabaki upande ule wa dirisha.

Hapa Mbale mvua haikosi saa tisa.
Ikianza kugonga mabati, besi huzama kwanza,
teno hufuata, alto hubaki midomo mitupu.
Sauti ya kwanza pekee hupenya,
nyembamba, uzi uliolipata tundu la sindano.
Uzi huo nilikuwa mimi.
Wauza ndizi waliojikinga barazani
walijua kwangu kwamba tumefika ubeti wa tatu.

Sasa ni Mmbone, wa kidato cha pili,
soksi zina matope, kidevu kakiinua mno.
Do ya juu anaiendea kwa shingo,
kama mtu achumaye parachichi kwa kuruka.
Nilitaka ikatike.
Mungu anisamehe, nilitaka.

Haikukatika. Ilitetemeka,
na bila kuambiwa nikashika so yangu chini yake,
nikaituliza hapo, kama kenchi.
Mabati huonwa na barabara nzima;
kenchi huzijua fundi, na mchwa.

Mtoto akatua salama.
Akageuka kutafuta ni nani.
Mimi nilikuwa nafunua ukurasa.