Kaboni Moja

Unatujia katika pipa la buluu kutoka Shimanzi,
umetulia humo kama maji ya mtungi,
huna rangi, huna povu, huna neno.
Nikifungua kizibo ndipo unanukia,
utamu mwembamba, wa kuongopa.

Karakana yetu iko Kongowea, nyuma ya mitumba.
Jioni Mwachiti huzunguka na mkokoteni
akikusanya mafuta machovu:
ya bajia, ya kaimati, ya viazi karai vya Bi Mbodze,
yaliyokaanga mpaka yakawa meusi.
Tunayachuja kwa leso kuukuu,
tunayapasha moto, si sana,
maana ikifika sitini na tano wewe unachemka,
unaondoka zako bila kuaga.
Kostiki kidogo. Wewe, kipimo kimoja kwa vitano.
Koroga, funika, kalale.
Asubuhi juu pana dizeli ya rangi ya asali,
chini gilisarini nzito; Mishi huipikia sabuni.

Kwingine una kazi nyingine, najua.
Mlango wangu wa plaiwudi unashikwa na gundi
iliyoanza safari kwako.

Lakini moto wako mchana hauonekani.
Adhuhuri moja Mwachiti aliruka uani
akijipigapiga mkono wa shati,
nasi tukampigia makofi, tukadhani anacheza.
Hapakuwa na mwali, hapakuwa na moshi,
hewa tu ilitetemeka juu ya kiwiko
kama juu ya lami ya Nyali.
Harufu ya nywele ndiyo iliyotuambia.
Tukakimbilia ndoo.

Alipopona akauliza lake:
"Bosi, kwani hii si pombe?"
Nikachora kwa chaki ubavuni mwa pipa.
Pombe ina kaboni mbili, huyu ana moja.
Ndugu wa tumbo moja:
yule atakulewesha, pengine akurudishe kwako,
huyu atakufikisha mlangoni kisha azime taa.
Ini litamgeuza, litamgeuza tena,
mpaka awe ile asidi ya maji moto,
chungu wekundu wa mkorosho. Wamewahi kukuuma?
Basi wafikirie wote, nyuma ya macho yako.

Hakujibu. Alilitazama kovu.

Juzi chupa ikakosekana,
chupa ya soda, nusu lita, niliyoijaza mwenyewe,
ujinga wangu.
Mimi nisiyeonja tone nikaingia mangweni,
meza kwa meza, nikiuliza watu wazima:
nani anaona ukungu? Nani anaona weupe?
Daktari aliwahi kunieleza kwamba wakati mwingine
mgonjwa hupewa pombe hiyo hiyo, kwa kipimo,
ini lishughulike nayo, limwache huyu apite.
Nikawatazama walevi wale wakinicheka,
nikawaombea walewe.

Saa nne usiku nikaikuta kwa Ziro, fundi vitanda,
imebaki robo,
anayeyushia polishi ya miguu ya kitanda cha harusi.
"Nimekopa kidogo tu, yakhe. Mbona walia?"
Kitanda kiling'aa, wallahi,
ningejiona uso ndani yake.

Siku hizi chupa ya soda haivuki kizingiti changu.
Mvua ikifuta ile chaki, Mwachiti huichora upya
kabla ya chai, kwa mkono ule wenye kovu.
Kuna siku hukosea, huweka kaboni mbili.
Namwita.
Anafuta moja kwa kidole.