Kisanduku Kitupu

Bremerhaven, Januari, saa moja asubuhi na bado giza.
Mvua haijaamua kama inataka kuwa theluji.
Gesine Tjarks wa forodha anakata utepe wa katoni
taratibu, kama mtu anayefungua barua ya mwingine.

Vikopo mia mbili na arubaini vya krimu ya uso,
vifuniko vya dhahabu, kila kimoja na uzito wa yai.
Mimi ndiye wakala. Nimeleta ankara, orodha ya mzigo,
cheti cha usalama, muhuri juu ya muhuri.
"Na kibali cha samaki?"

Nacheka. Samaki gani?
Ananigeuzia kikopo, ananisogezea lenzi:
mstari wa kumi na tisa, kwa herufi za mdudu chungu,
baada ya maji, nta na manukato,
mayai ya sturjeni.

Nampigia mteja wangu, Bwana Ravnskov, kule Aarhus.
Anafoka: Ni tone! Ni tone la tone!
Sheria gani hiyo ya kuhesabu matone?
Nayafikisha maneno yake, nimeyaosha matusi.
Gesine hainui hata nyusi.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila kibaba nacho hukaushwa vivyo hivyo.

Kwenye fomu kuna kisanduku kisichotosha ukucha.
Chanzo, kimeandikwa. Kinataka herufi moja tu:
moja kwa samaki aliyefugwa bwawani,
nyingine kwa aliyevuliwa mtoni.
Kiwanda kimekiacha kitupu.

Ndipo anatoa mfukoni kitu kama jani la mfupa,
kimelainika kwa kushikwashikwa.
Gamba la sturjeni. La babu yake,
aliyewavua hapa hapa, mdomoni mwa Weser,
warefu kupita meza hii ya ukaguzi.
Bibi alikwangulia sufuria kwa gamba hilo.
Kisha mwaka mmoja nyavu zikaja na mikunga tu,
na mwaka uliofuata, na uliofuata,
hata wajukuu wakadhani mzee anatunga.

"Jike," anasema, "hungoja miaka kumi na mitano
kabla ya kubeba yai la kwanza."
Nasoma kifuniko: Rudisha miaka kumi kwa wiki sita.
Nahesabu bila kutaka.
Ni miaka ya nani hiyo inayorudishwa?

Mzigo umezuiwa. Naweka sahihi mahali pa wakala.
Ghala hutoza kwa siku; Ravnskov atanichukia kwa siku.
Huenda Jumatatu kiwanda kitaleta herufi yake,
huenda ni ya bwawani, na ni ya kweli,
na vikopo vikaenda zake madukani.
Sijui. Gesine naye hajui;
ndiyo maana aliuliza.

Jioni nanawa mikono nyumbani.
Juu ya rafu, kikopo cha mke wangu Antje,
kifuniko cha dhahabu, zawadi niliyoinunua mwenyewe
safarini, duka la uwanja wa ndege,
kisha nikapita mlango wa wasio na cha kutangaza
nikipiga mluzi.

Nakiinua kwenye taa. Herufi za mdudu chungu.
Lenzi nimeiacha kazini.
"Mbona kimya humo?" Antje anauliza, nje ya mlango,
na maji bado yanatiririka.