Tundu la Tatu

Temirkul aliniletea Torgoi nyuma ya lori la makaa,
Oktoba, theluji haijashuka bado At-Bashy,
kamba tatu shingoni mwake
na mashtaka yote mdomoni mwa Temirkul:
anang'ata akifungwa tandiko,
anakataa daraja,
amemvunja mwanangu jino.
"Mrekebishe, au nimpeleke kwa wachinjaji."
Akahesabu som elfu nne juu ya boneti, akaenda zake.

Hakuniuliza jina. Ni Burulkan.
Farasi naye hakuuliza.

Siku ya kwanza sikumgusa.
Nilikalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya zizi
nikamenya viazi.
Alizunguka ukutani, sikio moja kwangu, jingine langoni,
kama mdeni aliyesikia hodi.
Viazi vikaisha, nikaingia ndani.
Mama mkwe akanipokea mlangoni:
umelipwa kumenya viazi?

Siku ya tatu nilinyoosha kiganja kisicho na kitu.
Mkono mtupu haulambwi, husema wahenga,
lakini wahenga hawakukutana na Torgoi:
mkono uliojaa ndio alioukimbia,
maana nyuma ya shayiri siku zote palikuwa na kamba.
Mtupu aliusogelea, akaunusa,
akalamba chumvi ya jasho,
akanipiga chafya usoni.

Siku ya tano nilipapasa ubavu wake,
nyuma ya kiwiko,
chini ya manyoya ya baridi yaliyoanza kuota,
na vidole vikakwama kwenye kovu
la pembe nne, umbo la bizimu.
Kumbe kila asubuhi mkanda ulivutwa
kwa mkupuo mmoja hadi tundu la tatu,
chuma juu ya kidonda,
naye akajibu kwa alichokuwa nacho.

Basi: mkanda mgongoni. Toa.
Mkanda tumboni. Toa.
Tundu la kwanza, na kungoja
mpaka ashushe kichwa, atafune hewa,
papo hapo nilegeze.
Kazi yote iko hapo kwenye kulegeza.
Ukichelewa pumzi moja,
umeshamfundisha jambo jingine.

Siku ya tisa upepo ulivuma kutoka mlimani,
mtoto wangu alikuwa na homa,
sikulala,
na Torgoi akanivuta mkono wa koti kwa meno.
Nilimchapa kwa hatamu puani.
Mlio ule naujua:
ni wa baba yangu, katika zizi hili hili.
Farasi akarudi ukutani, macho meupe,
na pale akasimama yule aliyeelezwa na Temirkul,
mzima mzima, hakupungua hata jino.

Nikarudi kwenye ndoo.
Nikarudi kwenye viazi.

Daraja lilitula wiki mbili,
ubao mmoja kwa siku, siku nyingine nusu ubao.
Mara moja tulisimama katikati, mto ukinguruma chini,
nikasahau nani kati yetu anaogopa.

Temirkul alirudi na theluji,
na mwanawe mwenye pengo.
Alikwenda moja kwa moja kwenye mkanda, akauvuta.
Masikio ya Torgoi yakalala.
Nikamkamata kifundo cha mkono,
mwanamume mzima, mbele ya mwanawe.

"Tundu la kwanza," nikasema. "Kisha chai."
Akacheka. Akanywa.
La pili alilifunga mvulana,
akalegeza vidole kabla sijamwambia,
na Torgoi akashusha kichwa mpaka kwenye viatu vyake.
Chai tena.

"Na la tatu?" akauliza Temirkul,
kikombe mkononi, masharubu yakitiririka,
theluji ikijaa taratibu juu ya boneti ya lori.

Nikamwonyesha farasi kwa kidevu.
"Muulize mwenyewe.
Birika bado limejaa."