Swali la Saba

Mwandiko wa nesi ni mdogo kama utitiri.
Jina: Nurdini. Umri: miaka tisa.
Usingizi hana. Wali ukigusana na mboga hali.
Usiku huhesabu misumari ya bati,
akikosea mmoja anaanza upya, machozi yanamtoka.
Yote haya nesi ameyaandika bila kuinua kichwa.
Halafu swali la saba:
Upande wa mama au wa baba, yupo aliyewahi kuugua akili?

Mume wangu akatazama dirisha.
Mimi nikatazama viatu vya mume wangu.

Huku Newala mtoto ni wa ujombani,
ukoo unafuata tumbo.
Kwa hiyo mwanya wake walisema ni wetu,
na mbio zake ni zetu.
Aliposhika namba moja darasa la pili
mama mkwe akagundua kwamba damu ya baba nayo ina nguvu,
namba moja ikahamia huko.
Lakini misumari,
misumari imerudishwa kwetu
kama sufuria la kuazima, na masizi yake.

Na ni kweli, alikuwepo Mfaume.
Kaka yangu. Mjomba ambaye angemshika Nurdini mkono siku ya jando.
Alikuwa anahesabu korosho, moja moja,
gunia zima, kisha analimwaga
anaanza tena.
Wageni wakija baba alimfungia stoo, kwenye mifuko ya salfa,
nasi tukafundishwa kusema: amekwenda Msumbiji.
Msumbiji yenyewe tunaiona kutoka ukingoni,
ng'ambo ya Ruvuma, buluu kama moshi wa asubuhi.
Nilikuwa na miaka sita. Nilisema vizuri,
na kidole nilinyoosha.
Mpaka leo nikisikia Msumbiji
nasikia mtu anakwaruza mlango.

Damu, nesi, naweza kuikubali. Damu haikuniomba ruhusa.
Ila ule mlango nimeurithi pia,
na ufundi wa kuubana.
Mwaka ule malipo ya korosho yalipochelewa
tuligombana kwa kunong'ona, mimi na baba yake,
tukidhani kunong'ona si kugombana.
Nyumba yetu kuta hazifiki juu.
Bati la chumbani kwake ndilo bati la chumbani kwetu.
Labda ndipo alipoanza. Sikuuliza.
Misumari haina ugomvi,
iko pale pale, mistari mistari, haihami.

"Andika," nikasema, "upande wa mama."
Kalamu ikashuka.
Ndipo mume wangu akakohoa.
Yeye ni fundi wa kubebesha mikorosho,
anajua kikonyo huja na asili yake,
na anajua pia kinavyokauka
mche ukitelekezwa juani,
lakini hakusema hayo. Alisema:
"Andika na upande wetu.
Bibi yangu alikaa ndani masika yote,
jua lilipotoka hakuliota. Tuliambiwa amechoka."
Miaka kumi na mmoja ya ndoa, sijawahi kumsikia huyo bibi.
Nesi akageuza karatasi. Mbele nafasi ilikuwa imekwisha.

Usiku nikaingia kwa Nurdini.
Alikuwa mia mbili na kitu, sikumkatiza.
Alipotulia nikamwambia: ulikuwa na mjomba,
jina lake Mfaume, naye alikuwa anahesabu.
Korosho. Moja moja.
Hakwenda Msumbiji.

Akanyamaza kidogo, macho kwenye bati.
"Alifika ngapi?"

Sijui, mwanangu.
Hatukumuuliza.