Sanduku la Kumi na Tisa

Baba aliniachia masanduku thelathini na moja ya viatu
yaliyofungwa kwa uzi wa sufu ya alpaka,
na daftari lililoandikwa kama kuku aliyeparura.
Tangu Juni nakaa nayo jikoni, hapa Ayacucho,
blanketi magotini, chai ya koka ikipoa,
nikiinua kila utepe wa filamu mbele ya balbu:
vijana wenye mvi, wazee wenye nywele nyeusi,
meno ya makaa, anga jeusi tii
juu ya vivuli vyeupe kama maziwa.

Daftari halina maneno mengi.
Sanduku la 4: Harusi ya Saturnino. Bwana harusi alilewa kabla ya padri.
Sanduku la 7: Njia ya Huanta. Sikushuka garini.
Sanduku la 8: Nilishuka.

Mwanzoni alikuwa mtu wa vitambulisho tu.
Msumarini lilining'inia koti moja, na tai moja ya mistari,
na kila mkulima aliyeteremka na gunia lake la viazi
alivua poncho, akavaa hayo hayo,
akakaza shingo, akazuia pumzi,
akatoka raia.
Kisha usiku ukaanza kubisha hodi:
leo hawa wa bunduki za serikali, kesho wale wa mlimani,
na nyasi hazikuulizwa zinamwunga nani mkono.

Ndipo wanawake wakaanza kuja,
kila mmoja na picha ndogo kama ukucha, ndani ya leso.
"Don Eleuterio, mkuze mwanangu."
Akawakuza. Ukucha ukawa kiganja, kiganja kikawa kifua,
na siku ya maandamano, mbele ya kambi ya jeshi,
wanawake arobaini walibeba wanaume arobaini,
na wanaume wote wamevaa tai ya baba yangu.

Watu wa mji mkuu walimpa tuzo kwa picha hiyo.
Tuzo aliitundika chooni.
Sijui kama ni kiburi au toba.

Jumanne iliyopita alikuja Mama Eudosia Ñaupari,
pumzi zimemwishia kwenye ngazi zetu,
akaninyooshea risiti iliyolainika kama kitambaa:
nusu imelipwa, nusu bado, Oktoba themanini na nne.
Nikafungua daftari.
Sanduku la 19: Ambao hawajachukuliwa.

Niliisafisha usiku, kama alivyonifundisha,
taa nyekundu, maji ya kukata mifupa.
Ndani ya trei tai ilitangulia,
ikafuata kola, koo, kisha taratibu,
kama mtu anayetoka kwenye ukungu akiwaita kondoo,
kijana wa miaka kumi na saba aliyezuia pumzi.
Hajaiachia.

Asubuhi Mama Eudosia akaitazama
muda wa kuchemsha yai.
"Tai si yake," akasema. "Masikio ni ya baba yake."
Nikakataa pesa. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.
Akafungua fundo la shali, akahesabu mezani
sarafu moja moja, za wakati ule ule,
za nchi iliyokwisha kubadili hela mara mbili
na yeye fundo hajalifungua.

Nikazipokea zote.
Alipoondoka, nikaandika chini ya mwandiko wa baba:
Sanduku la 19: Mmoja amechukuliwa.
Na mama yake.