Vituo vya Bi Somoe

Kichochoro chetu Langoni kina upana wa punda mmoja
na magunia yake mawili ya saruji.
Wa pili akitokea, mmoja lazima arudi nyuma.
Sasa nianzie wapi kumweleza mama treni?

"Nambia," alisema usiku ule niliporudi,
mkoba wangu haujafunguliwa,
chokoleti ya kaka Athmani ikiyeyuka ndani yake.
"Nambia yote. Mato sina, lakini masikio
yangali ya msichana."

Nikaanza vibaya. Nikasema: ni kama nyumba nyingi
zimeshikana, zinatembea.
Akasema: "Nyumba ikitembea ni tetemeko."
Nikasema: ni jongoo wa chuma.
Akasonya.

Nikanyamaza. Nikatazama mikono yake,
miaka arubaini ikidarizi kofia za vito,
tundu baada ya tundu, kwa mwanga wa kandili,
hadi uzi ukanywa nuru yote ya macho.
Nikasema: Mama, chukulia umeshika bafta nyeupe.
Hiyo ndiyo milima, theluji mabegani.
Treni ni sindano.
Inaingia tundu huku, giza, masikio yanaziba,
inatokea kule, na nuru inaifuata nyuma
kama uzi.

Akajiinua, akakaa kitako.
"Ala! Sasa umesema."

Basi nikampeleka.
Luzern, saa tatu na dakika sita, si saba.
Nimevaa koti la mpishi mwenzake Athmani,
mikono yake imepita vidole vyangu.
Sarnen, ziwa.
"Ziwa?" akacheka. "La kunyonya au la kuoga?"
La kutazama tu, mama. Hakuna aliyeoga.
Giswil, ng'ombe wana kengele shingoni
kubwa kuliko ya skuli.
Kisha gari likapanda kwa meno,
wallahi, meno ya chuma, yanauma reli
yasiiachie, mpaka Lungern na kuzidi.

"Na watu wakisema nini?"

Hapo nikakwama.
Saa mbili nzima, mama, hakuna aliyenisalimu.
Nilisema subalkheri nikiingia,
behewa zima likageukia madirisha.
Ila bibi mmoja, kabla ya mlima mkubwa,
alimenya tufaha, akakata kipande,
akaninyoshea kwa ncha ya kisu bila neno.
"Ulikula?"
Nilikula.
"Basi huyo alikusalimu."

Meiringen ndiyo iliyomtatiza.
Reli inakwisha pale. Gari linasimama,
kisha linaondoka kwa mkia wake,
na wewe uliyekuwa ukitazama uendako
unatazama ulikotoka.
"Kwa hivyo mulirudi?"
Hatukurudi. Tulizidi kwenda.
Akalishika hilo kimya, akaligeuzageuza
kama kofia inayotafutwa kosa.

Brienz, maji rangi ya feruzi,
ile ya pete aliyouza mwaka nilioingia chuo.
Sikuitaja pete.
Yeye ndiye aliyeitaja.

Chokoleti tuliila kwa kijiko.

Ni mwezi wa tatu sasa. Usiku nikisikia
kitanda chake kikilia upande wa ukuta
najua amepanda. Havitaji kwa mpango:
Giswil, Brienz, Sarnen,
anaruka, anarudi, vidole vikitoboa hewa.
Jana aliniita saa nane za usiku.
"Zuena, tumefika wapi?"
Meiringen, mama.
"Haya. Ndoo hapa, keti tuelekeane.
Gari likigeuka
mmoja wetu aone mbele."